Koo la Bi Kijakazi

Mavyaa akishakuchukia, hata ukimpikia kwa machozi yako atasema umezidisha chumvi. Asya binti Matano aliyajua hayo tangu mwezi wa kwanza wa ndoa yake, na kwa miaka tisa aliyameza kama watu wanavyomeza dawa chungu, kwa kufumba macho. Lakini mwaka huu mambo yalipita kiasi. Bi Kijakazi, mama mzazi wa mumewe Hamdan, alianza kulalamika kwamba tumbo linamchoma, kwamba tonge likifika kifuani linasimama, kwamba anaamka na uchungu mdomoni. Akakonda. Na kwa kuwa chakula chake chote kilipikwa na mkwewe, hazikupita wiki mbili kijiji kizima cha Mgogoni kikawa kinaambiana kwamba Bi Kijakazi kalishwa.

Kulishwa, kwa asiyejua, si kupewa chakula. Ni kutiliwa kitu katika chakula, nywele au kucha au unga wa mfupa, kikae tumboni kimle mtu taratibu. Na nani wa kushukiwa kama si Asya? Babu yake alikuja kutoka bara kuchuma karafuu, akaoa, akazaa, akazikwa hapa hapa kisiwani. Baba yake kazaliwa Pemba. Yeye mwenyewe hakuwahi kuvuka maji ila kwenda Unguja mara moja kwenye harusi. Hayo hayakumsaidia kitu. Siku za raha alikuwa Asya wetu, siku za shida akarudi kuwa mtu wa bara, na watu wa bara, kila mmoja anajua, wana mambo yao. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wanawake bombani, tena walisema kwa sauti ya kumfikia Asya mwenyewe.

Aliyesema kwa sauti kuliko wote ni wifi yake, Mwanabaraka. Huyu kaolewa Konde, ana duka lake la kanga, na kila Ijumaa alikuja Mgogoni kumwangalia mama. Kumwangalia mama kulianzia jikoni. Alifunua sufuria, akanusa, akachovya kidole, akauliza, "Umetia n'ni humu, Asya?" Asya akajibu, "Nazi, wifi, na bizari." Mwanabaraka akakifuta kidole kwenye ukuta, wala si kwenye nguo yake.

Hamdan, mume, alikuwa dereva wa gari la abiria la Konde na Wete. Alikuwa mtu mwema, na wema wake ndio uliokuwa msiba: alikubaliana na yeyote aliyezungumza naye mwisho. Jumatatu moja alizungumza mwisho na dada yake. Akarudi nyumbani, akakaa ukingoni mwa kitanda bila kuvua viatu.

"Kuna daktari mjini Chake, Dokta Suhail, ana mpira wenye kamera," alisema. "Unaingia mdomoni mpaka tumboni, anaona kila kitu. Mama atapelekwa Alkhamisi. Kikionekana kitu, Asya, ntakupa karatasi yako ya talaka, na watoto watabaki hapa. Kisipoonekana, Mwanabaraka ntamfunga mdomo mimi mwenyewe."

Watoto wenyewe ni mabinti wawili, mkubwa miaka saba na mdogo minne. Walikuwa wamelala nyuma ya pazia, mguu wa mmoja juu ya tumbo la mwenziwe. Asya aliwatazama, na nyinyi mtadhani alilia. Hakulia, alifurahi. Miezi yote ile alikuwa akibishana na midomo, na mdomo huwezi kuupasua ukaona ndani yake. Sasa angalau kuna kitu kitakachoingia ndani ya tumbo la Bi Kijakazi na kutazama, na kamera haina jamaa Konde.

Mwanabaraka naye hakulala. Jumatano alikwenda kwa Shehe Mbarouk, mtu mzima mwenye heshima zake, akamwomba amwandikie mama kombe. Shehe akaandika aya zake kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaziosha kwa maji ya mawaridi, akayatia maji yale katika chupa. Akasema, "Anywe kwa tumbo tupu, kabla hajatia kitu chochote kinywani." Na daktari naye alikwisha kusema mgonjwa aje bila kula wala kunywa tangu usiku.

Hapo Mwanabaraka akapiga hesabu yake. Mama ana miaka sabini na tatu. Kumfungisha siku moja kwa ajili ya mpira, na siku ya pili kwa ajili ya kombe, ni kumtesa. Mfungo mmoja utatosha. Mpira ukitoka tu, kombe lishuke, kisha ndo uji. Nani angembishia? Ilikuwa huruma ya mtoto kwa mamaake. Hakuna aliyemuuliza daktari habari ya kombe, kwa sababu mambo ya kombe hayaulizwi kwa daktari. Hakuna aliyemuuliza Shehe habari ya mpira, kwa sababu mambo ya mpira hayaulizwi kwa Shehe. Kila jambo lilikuwa na mlango wake, na katikati ya milango hiyo miwili akawekwa bibi kizee mwenye njaa.

Alkhamisi asubuhi Hamdan aliwashusha mama, dada na mkewe mlangoni kwa Dokta Suhail, juu ya duka la vyombo, akaenda zake kumaliza safari ya Wete. Alisema atawafuata adhuhuri. Muuguzi alipomwita mgonjwa akasema aingie na mtu mmoja, Mwanabaraka alisimama. Bi Kijakazi akamkalisha kwa mkono.

"Aingie huyu," akasema, akimnyooshea Asya kidevu. "Nataka aone kwa macho yake kitakachotoka."

Wakaingia. Dokta Suhail alikuwa kijana mwenye ndevu fupi, mtoto wa Wete, mpole wa maneno. Alimlaza bibi kwa ubavu, akachukua chupa ndogo yenye mrija mwembamba. "Fungua mdomo, Bi. Hii dawa ya ganzi ya kupuliza. Inalilaza koo ili mpira upite usitapike. Chungu kidogo, usamehe." Akapuliza mara moja, akangoja, akapuliza tena, na tena. Bi Kijakazi akatoa macho. Akamshika Asya mkono, si kwa mapenzi, ni kwa kuwa mkono wa Asya ndio uliokuwa karibu.

"Koo langu!" alisema, na ulimi ulikwisha kuwa mzito. "Limevimba! Simezi!"

"Halikuvimba, Bi. Limelala. Wewe hulisikii tena, ndiyo maana unaona kama halipo."

Mpira ukaingia. Asya hakumtazama bibi, alitazama kioo cha kamera, kama watu wanavyoutazama upande wa magharibi siku ya ishirini na tisa ya Ramadhani. Mpira ulipita mahali pekundu, penye kuteleza, pakafunguka uwanda wa waridi wenye mikunjo. Hapa na pale palikuwa na madoa meupe yenye kingo nyekundu.

"Vidonda," alisema daktari. "Na hapa juu tindikali imepachoma. Vidonge vya wiki sita, pilipili aache."

"Hakuna kitu kingine?" Asya aliuliza.

"Kitu gani?"

"Kitu." Akakionyesha kioo kwa kidole. "Nywele. Mfupa."

Dokta Suhail alimgeukia. Naye kalelewa kisiwa hiki hiki, hakuhitaji kuambiwa mara mbili. "Hakuna, dada. Tumbo safi. Vidonda tu, kama vya watu wengine." Hapo ndipo Asya alipolia, kwa kwikwi, mpaka muuguzi akampa pamba.

Daktari akamngoja amalize, kisha akasogea karibu. "Sasa nisikilize. Koo hili bado limelala. Akinywa kitu sasa, hata maji, koo halitajua liyapeleke wapi. Yatashuka mapafuni, na hatakohoa, maana hata pale pa kukoholea pamekufa ganzi. Mngoje saa nzima, na nusu saa juu yake. Halafu umjaribu kwa kijiko kimoja cha maji akiwa amekaa wima. Akimeza vizuri, ndiyo ale. Umenielewa?"

"Nimeelewa, dokta."

Akayarudia yale yale kwa maneno mengine, na Asya akaitikia tena. Daktari akaona kazi kaimaliza. Aliyeingia na mgonjwa, aliamini, ndiye mwenye neno juu ya mgonjwa. Laiti angelijua.

Nje palikuwa na baraza yenye benchi ndefu, na watu sita au saba wakingoja zamu. Asya alimkalisha mavyaa wake mwishoni mwa benchi. Mate yalikuwa yanamtoka bibi pembeni mwa mdomo, yakishuka kwenye buibui, na mwenyewe hana habari.

"Haya," alisema Mwanabaraka. "Kimeonekana n'ni?"

"Vidonda vya tumbo, wifi. Dokta kasema tumbo safi, hamna kitu."

Uso wa Mwanabaraka ulikuwa wa mtu aliyepika pilau la wageni wasiofika. "Kamera haioni mambo hayo," akasema, na mkono wake ukaingia mkobani. Ukatoka na chupa ya maji ya manjano na kikombe cha bati.

Asya akanyoosha mkono kumzuia. "Wifi, ngoja. Dokta kasema asinywe kitu. Koo lina ganzi. Tungoje saa nzima na nusu."

"Hichi si kitu cha kula. Hili kombe. Na latakiwa linywewe sasa, kabla ya kitu chochote."

"Najua. Lakini ni maji, wifi. Yatapita pasipo pake."

Ah, neno! Ukilisema hurudi nalo. Benchi zima liligeuka. Mwanabaraka alirudi nyuma hatua moja kama aliyekanyaga moto.

"Yarabi! Mmesikia, jamani? Aya za Mungu, yeye asema ni maji."

"Sikusema hivyo…"

"Mpira haukumtisha. Kaingia nao, katoka nao, hakutetema. Kaliona kombe, hebu mtazameni anavyotetema! Mambo kama haya hayataki ramli."

Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni alisema astaghfirullah, akasogea mbali kidogo na Asya. Mzee wa kofia akainamisha kichwa kusoma kimoyomoyo. Penye wazee haliharibiki neno, husema wahenga, na mimi nawaheshimu wahenga, ila siku hiyo hawakuwepo barazani.

"Tumpigie Shehe simu," Asya aliomba. "Tumuulize tu kama laweza kungoja kidogo."

"Shehe asumbuliwe kwa sababu yako weye? Weye nani?"

Ndipo Bi Kijakazi alipoinua kichwa. Maneno yalimtoka mazito, yamelowana, lakini kila mtu aliyasikia. "Kwa n'ni hutaki n'nywe, Asya? Waogopa n'ni?"

"Nakuogopea weye, mama. Wallahi nakuogopea weye."

"Basi ninyweshe. Weye mwenyewe, kwa mkono wako. Kama mkono wako msafi, ninyweshe, nami n'tamwambia Hamdan mkeo hana neno. Usiponinywesha, n'tamwambia nilichokiona leo."

Asya aliutazama mlango wa daktari. Ulikuwa umefungwa, mgonjwa mwingine kashaingia. Alipiga hatua mbili kuuelekea. "Haya, kimbia!" Mwanabaraka akampigia kelele. "Kimbia, watu waone!" Na miguu ikamsimama.

Sitamtetea. Angeubisha mlango ule mpaka ungefunguka, na leo ningekuwa nawasimulia mambo mengine. Lakini aliyesimama pale ni mwanamke aliyenuswa sufuria zake miezi mitano, aliyeahidiwa karatasi, ambaye mabinti zake wangelelewa na huyu huyu mwenye chupa. Alijisemea kwamba pengine ganzi imekwisha kutoka. Madaktari huzidisha, akajisemea, na kikombe kidogo hakiwezi kumuua mtu, na aya za Mungu haziwezi kumdhuru muumini. Hakuna hata moja kati ya hayo aliloliamini. Akakishika kikombe.

"Bismillahi useme kwa sauti," alisema Mwanabaraka.

Akaisema kwa sauti. Akainua kidevu cha bibi kwa mkono wa kushoto, akamimina. Bi Kijakazi alikuwa akimtazama usoni bila kupepesa. Maji mengine yalimwagika pembeni mwa mdomo, yakashuka shingoni, na bibi hakuyasikia. Mengine yalikwenda. Yalikokwenda, Asya alijua. Alikuwa anangoja kikohozi. Angekohoa, angeacha, na mbele za watu angekuwa na hoja. Bibi hakukohoa hata mara moja, na Asya akamimina mpaka chini ya kikombe, kwenye vumbi la zafarani.

"Alhamdulillahi!" Mwanabaraka alimkumbatia, tena alilia kweli, maana naye alikuwa mtu na alimpenda mamaake. "Nisamehe, wifi yangu. Nisamehe duniani na akhera." Yule mwenye mtoto akasema mashallah, akarudi karibu. Bi Kijakazi aliinua mkono wake mkavu, akauweka juu ya kichwa cha Asya. Katika miaka tisa mkono ule haukupata kufika pale.

"Mwanangu," alisema.

Sauti ilitoka na mapovu ndani yake, kama ya mtu anayesema na maji mdomoni. Asya aliisikia vizuri. Dokta Suhail alikuwa nyuma ya mlango, hatua kumi. Lakini utainukaje chini ya mkono wa mavyaa, siku ya kwanza unapendwa, useme nimemzamisha? Alikaa kimya. Akakaa hivyo, anapendwa, mpaka adhuhuri, na lawama ya kikao hicho ni yake peke yake.

Njiani kurudi bibi alipumua kwa haraka. Alasiri midomo iligeuka rangi. Magharibi walikuwa hospitali, bibi kavalishwa oksijeni. Picha ya kifua ilionyesha mapafu yamejaa mawingu, hasa la kulia. Homa ikapanda Ijumaa. Jumapili, kabla ya adhuhuri, Bi Kijakazi akafariki, na mkono wake ulikuwa katika mkono wa Asya, kwa sababu siku tatu zile hakutaka kushikwa na mtu mwingine.

Dokta Suhail alipopata habari alikuja mwenyewe. Aliwakuta ukumbini, Hamdan, Mwanabaraka na Asya. Akatoa mkono wa pole, kisha akauliza alichokuja kukiuliza.

"Alikunywa kitu baada ya kutoka kwangu?"

"Kombe," alisema Mwanabaraka.

"Lini?"

"Pale pale barazani."

Daktari akamgeukia Asya. Hakufoka. Alikuwa ni mtu mwenye huzuni anayetaka kuelewa. "Dada, si nilikwambia? Nilikwambia yatashuka mapafuni. Nikarudia, ukaniitikia."

Mwanabaraka aligeuka polepole. "Alijua," akasema. Kisha akapiga ukelele uliowatoa wauguzi vyumbani. "Alijua! Hamdan, mkeo alijua!"

"Nilikwambia, wifi! Nilikwambia tungoje! Nilisema koo lina ganzi!"

"Ulisema tungoje. Hukusema atakufa! Kisha ukakishika kikombe weye, ukamnywesha weye, kwa mkono wako, mpaka tone la mwisho. Watu wapo, waliona. Mwongo miye?"

Hakuwa mwongo. Kwa mara ya kwanza tangu mama augue, Mwanabaraka alikuwa hakusema hata neno moja la uongo.

Siku ya hitima Shehe Mbarouk alikaa na Hamdan pembeni, akasikiliza kisa chote, machozi yakimlengalenga. "Kombe halina haraka, mwanangu," alisema. "Lingekaa kutwa, lingekaa hata wiki. Mngenipigia simu tu." Watu walisikia. Hakuna aliyemtazama Mwanabaraka. Wote walitazama upande wa jikoni, ambako Asya alikuwa akiosha sahani za wageni, na hakuna aliyekuja kumsaidia.

Wageni walipotawanyika, Hamdan akaja akasimama kwenye mlango wa jiko. Mabinti wote wawili walikuwa nyuma yake, wamemshika kanzu. Macho yalikuwa yamemvimba. Alikuwa kashazungumza na kila mtu, na sasa alitaka kuzungumza na mkewe mwisho. Hiyo ndiyo ilikuwa heri iliyobaki, na Asya aliitambua.

"Asya," alisema. "Miezi yote hii nimekuuliza, na kila nilipokuuliza umeniapia kwamba hukumfanya kitu mama. Nilikuamini. Wote walisema, nami moyoni nilikuamini. Apa tena leo. Apa tu, sitauliza ushahidi. Useme hukumfanya kitu, na mtu akisema neno tena katika nyumba hii atatoka yeye."

Asya aliweka sahani chini. Kiapo hicho alikuwa kakizoea, kwa kuwa kilikuwa kweli, kikimtoka bila kufikiri. Alifungua kinywa. Mtoto mdogo alichungulia nyuma ya kanzu, akamchekea.

"Wallahi," alianza Asya, na neno la pili halikuja.

Hamdan alingoja. Alingoja muda mrefu kuliko ambavyo angengoja mtu mwingine yeyote. Kisha akawashika mabinti mikono, mmoja huku na mmoja huku, akaondoka nao. Mtoto mdogo akawa anauliza mama haji.